Wiki ya Kumzungusha Mama Nasimiyu

Ijumaa, 11 Julai

Bahati imenitafuta yenyewe! Leo baada ya misa kule Mesaimeer, penye makanisa ya hapa Qatar, Nasimiyu ametangaza kwamba mama yake anakuja. Anatua kesho. Anatoka Chwele, hajawahi kupanda ndege, na atakaa wiki moja. Tatizo ni kwamba Nasimiyu ni nesi na likizo hakupata. Kuanzia Jumapili hadi Alhamisi yuko zamu ya mchana. Mama atabaki kwenye kile chumba cha Abu Hamour akitazamana na ukuta. Je, kuna mtu anaweza kumtoa kidogo akaone nchi?

Cyrus akajibu kwanza. Angeachaje? Cyrus yuko mapokezi katika hoteli, ana Prado nyeupe, ana mabega, na kabla ya kusema lolote huvua miwani ya jua polepole kama mtu anayefungua zawadi. Akavua. Akasema kwa masikitiko kwamba kazi imembana, ana Ijumaa peke yake.

Nikasema mimi nina wiki nzima. Nilisema kwa nguvu hadi wanakwaya wakageuka.

Na ni kweli. Mimi ni dereva wa basi la shule. Shule zimefungwa, basi limelala, mimi niko likizo na sina pa kwenda. Nina Tiida yangu mwenyewe. Zamani ilikuwa ya rangi ya fedha. Ina magurudumu manne, sawasawa na Prado.

Mpango ni huu. Nasimiyu hucheka ninapoongea, lakini hasongi mbele. Aliwahi kusema hatakubali mwanamume ambaye mama yake hajamwona kwa macho. Basi mama ataniona! Ataniona kutwa, kutoka kiti cha mbele, akiwa amefungwa mkanda. Cyrus ataonekana siku moja. Hata mtoto wa chekechea anajua nani atashinda.

Ronnie hajafurahi. Ronnie ni Mganda, mlinzi, tunakaa chumba kimoja hapa Al Rayyan, na kazi yake ya pili ni kunikatisha tamaa. Ameniuliza, ssebo, yaani bwana, umeangalia joto la wiki hii? Nikamwambia mama anatoka Afrika, jua ni jirani yake. Akasema Chwele iko Bungoma, karibu na Mlima Elgon, watu huko huvaa sweta. Sikujua. Mimi ni Mtaita wa Wundanyi, Bungoma nimeiona kwenye ramani tu.

Sweta! Mambo madogo.


Jumapili, 13 Julai

Safari ya kwanza: ngome ya Zubarah, kaskazini kabisa.

Mama Nasimiyu ni mwanamke mpana, mfanyabiashara wa ng'ombe, leso mbili kiunoni na mkoba mweusi ambao hauachi hata akiwa amekaa. Alinipa mulembe, salamu ya kwao Wabukusu, nikaipokea. Halafu akanizunguka. Kabisa! Alinizunguka kama niko sokoni, akasimama nyuma yangu akatazama miguu. Nasimiyu alikuwa mlangoni na sare yake ya kazi, amejiziba mdomo. Mama alipomaliza kwangu akaenda kulizunguka gari vilevile, akalipiga teke gurudumu. Hakusema ni yupi kati yetu aliyefaulu.

AC ya Tiida hufanya kazi upande mmoja. Nikampa upande huo wote, mimi nikabaki na jasho langu na heshima yangu. Tulipopita Al Khor, AC ikakohoa, ikatoa harufu ya soksi, ikanyamaza. Nikafungua madirisha. Kosa! Upepo ulioingia ulikuwa umetoka jikoni. Mama akavua kitambaa cha kichwa. Akafungua leso ya kwanza. Akafungua ya pili. Akaniuliza gari langu linapika nini.

Ngomeni nilipaswa kuwa mwongozaji, na sikuwa nimesoma chochote. Nikatunga. Nikamwambia ngome ile ilijengwa na mfalme mmoja wa zamani kama zawadi kwa mama mkwe wake, maana alimheshimu kuliko watu wote. Niliona ni ujumbe mzuri, wenye kufika. Mama akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa miwani mkobani, akaenda penye kibao cha maelezo, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kwamba ilikuwa kituo cha askari wa kulinda pwani.

Akakunja miwani. Akasema huyo mama mkwe lazima alikuwa mkali, kama alihitaji askari.

Wakati wa kurudi akafunga macho na kichwa kikaanguka upande. Nikajua amezimia! Nikaingia kituo cha petroli kwa breki zote, nikanunua chupa ya maji, nikammwagia usoni.

Hakuwa amezimia. Alikuwa amelala. Sasa anajua kwamba mimi ni mtu wa kuwamwagia maji watu waliolala.

Kwa ujumla siku haikuwa mbaya.


Jumatatu, 14 Julai

Fundi amesema kifaa cha AC kinaagizwa, kitafika wiki ijayo. Wiki ijayo mama atakuwa Chwele akisimulia. Lazima mtu atumie akili.

Nimetumia. Beseni kubwa la kufulia, mifuko ya barafu kutoka duka la Mhindi wa Kerala hapo chini, feni ndogo ya betri juu yake. Beseni likae miguuni pa mama, feni impulizie ubaridi usoni. Ronnie akauliza maji yatakwenda wapi. Nikamwambia hii si maji, hii ni barafu. Akarudi kulala.

Leo tulikwenda kuona mikoko ya Thakira. Nusu ya kwanza ya safari ilikuwa ushindi mtupu. Mama alisema anahisi harufu ya asubuhi ya kwao. Nikaanza kupiga mluzi! Tukafika kwenye raundiabauti, na wakati huo barafu ilikuwa imekwisha kuwa maji, na maji hayajui kuzunguka. Yalikwenda moja kwa moja. Yakaingia kwenye mkoba mweusi.

Humo mkobani kulikuwa na Biblia, njugu, na simu. Simu ikalia mlio mmoja mrefu wa kusikitisha, ikafa.

Nilidhani nimekwisha. Lakini mama alivua viatu, akaingiza miguu yote miwili kwenye maji yaliyobaki, akaegemeza kichwa na kusema hapa ndipo mahali pa kwanza penye raha tangu afike Qatar. Tulipofika kwenye mikoko alikataa kutoka kwenye beseni. Aliitazama kupitia dirishani. Akasema ameiona, ni miti ndani ya maji, turudi.

Ningelala na furaha kama si Cyrus. Jioni amepita Abu Hamour eti kumsalimia mama, akaichukua simu, akaipeleka kwa mtu anayemjua, akairudisha ikiwa hai na picha zote ndani. Mama akasema mbele yangu kwamba yule kijana ana mabega ya fahali. Nikamuuliza, kwa mzaha tu, na mimi je? Akafikiri sana. Akasema mimi nina meno.

Meno! Huyo ni mtu anayeuza ng'ombe. Meno hutazamwa mnyama akiwa amezeeka.


Jumanne, 15 Julai

Nimefanya jambo kubwa leo. Sikulipanga. Akili nzuri hufanya kazi hata mwenyewe akiwa hayupo.

Tulikwenda upande wa Sealine, kule mchanga unakoanza kuwa vilima, kuona ngamia. Beseni lilikuwepo, taulo zilikuwepo, mkoba niliufunga kwenye mfuko wa plastiki. Mama alipowaona ngamia akasahau joto. Alishuka kabla sijasimamisha gari sawasawa. Mchungaji alikuwa Msudani mwenye kilemba. Yeye hana Kibukusu, mama hana Kiarabu, na walielewana kabisa! Mama anapiga ubavu wa ngamia, Msudani anatikisa kichwa. Mama anafungua mdomo wa ngamia, Msudani anacheka. Mwishowe tukaletewa bakuli la maziwa yenye povu. Nami nilikunywa. Tumbo langu litaeleza habari hiyo lenyewe.

Katika raha hiyo mama akaanza kusimulia ya kwao. Ukoo alikozaliwa, watu wake, mabinti wa baba zake wadogo waliolelewa nyumba moja naye. Mmoja, waliyekuwa wakilala kitanda kimoja utotoni, alimfuata mwanamume wa reli akaenda Pwani na hakuonekana tena. Mama akafuta mdomo.

Nikaona mlango umefunguka, nikaingia na miguu yote miwili. Nikamwambia, mama, sikutaka kusema mapema nisionekane ninajipendekeza, lakini mamangu pia ni wa huko. Ukoo huohuo wako.

Akageuka mzima mzima.

"Mamako anaitwa nani?"

Mamangu anaitwa Wakesho, na yuko Wundanyi anachuma maharagwe. Ukimtoa Nasimiyu, jina la Kibukusu ninalolijua ni moja.

"Nekesa," nikasema.

Bakuli likaanguka.

"Nekesa! Alikuwa na pengo hapa mbele?"

Nikasema alikuwa nalo. Mama gani hana pengo? Akauliza kama alikuwa akikaa karibu na reli. Nikasema Voi, ambako kweli reli ipo, nendeni mkaangalie. Akapiga vigelegele hadi ngamia waliolala wakasimama. Akanikumbatia katika jua lile, mimi na yeye na maziwa yaliyomwagika. Akaniita mwana wa dada yake. Alilia, na machozi yakanilowesha bega.

Sasa, Cyrus, leta mabega yako! Mimi ni damu.


Jumatano, 16 Julai

Ninaandika nikiwa nimelala kwa tumbo, maana mgongo umeungua.

Mama, kwa vile sasa mimi ni wake, haombi tena. Anaagiza. Leo aliagiza jangwa lenyewe, si hili la kando ya barabara. Nikamwambia nitampeleka Zekreet, yalikosimamishwa mabamba manne ya chuma, marefu kama minara, katikati ya jangwa, mtu asijue ni ya nini. Cyrus alisikia kutoka kwa Nasimiyu akanitumia ujumbe kwamba njia ile haifai gari dogo. Niliujua wivu mara moja nilipousoma.

Njia ile haifai gari dogo.

Bamba la kwanza tuliliona vizuri, na hapohapo Tiida ikakaa chini kama kuku anayetaka kutaga. Nikakanyaga mafuta. Ikakaa zaidi. Nikatoa simu nikamtumia Ronnie mahali tulipo, na simu ikaandika kwamba imepata joto kupita kiasi, ikajizima. Hata simu ina mahali pa kukimbilia!

Nitasema ukweli, hapa hakuna anayesoma. Niliogopa. Hapakuwa na mtu, hapakuwa na mti, kulikuwa na kimya ambacho kinavuma masikioni. Maji yalikuwa chupa moja na yale ya kwenye beseni. Nilimkalisha mama kwenye kivuli chembamba cha lile bamba, nikampa chupa, nikamwambia mimi nimekwisha kunywa yangu. Akaniangalia, akanywa nusu, akanirudishia. Nikasema sina kiu. Akasema, "Mwana wa Nekesa, kunywa, usinifanye nikupige." Nikanywa. Yalikuwa ya moto kama chai, na sijawahi kunywa kitu kizuri hivyo.

Halafu akaanza kuimba, polepole, wimbo wa kwao wa kufanyia kazi, na mimi nikachimba mchanga kwa mikono nikifuata mdundo. Mchanga ulikuwa unachoma. Akavua leso zake mbili akazitandika chini ya magurudumu. Ikabaki kusukuma, na mtu wa kukanyaga mafuta. Mama hajawahi kuendesha hata baiskeli. Nikamwelekeza: huu mguu hapa, ukisikia nimesema sasa, kanyaga kidogo.

Nilisema sasa. Hakukanyaga kidogo.

Tiida ikaruka kutoka kwenye shimo kama imeumwa na nge, mimi nikaanguka kifudifudi, na mama akaondoka! Akaenda! Nilimwona akipungua. Alilipita bamba la pili, akalipita la tatu, mkono mmoja nje ya dirisha, na kama masikio yangu hayakuharibika, alikuwa akipiga vigelegele. Nilikimbia nikipiga kelele za breki. Alisimama pale gari lilipozama tena, mbali na barabara kuliko mwanzo. Nilipomfikia, alisema ameelewa sasa kwa nini wanaume wanapenda kazi hii.

Ndipo vumbi likatokea upande wa magharibi, na ndani ya vumbi Prado nyeupe. Ronnie hana gari. Ronnie alipopata ujumbe wangu alimpigia mwenye gari, wakaja pamoja. Simlaumu. Namlaumu sana.

Cyrus alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alishuka na shati la hoteli, akavua miwani polepole. Hakusema nilikuambia. Mtu mbaya kabisa! Alikuwa na maji baridi, kamba, na hata pilau kwenye kontena. Akatuvuta hadi lami.

Mama akanishika mkono akamwambia Cyrus kwa fahari kwamba mimi ni mwana wa dada yake, damu ya ukoo wake, Mungu amewakutanisha Arabuni. Cyrus akanitazama. Uso wake ukafunguka kama dirisha. Akanishika mkono akautikisa kwa muda mrefu, akasema amefurahi, amefurahi kupita maelezo. Ronnie akageukia upande wa pili mabega yakimtikisika.

Kwa nini mshindani afurahi? Nadhani ni joto.


Alhamisi, 17 Julai

Mapumziko. Nimeshinda Abu Hamour nikiwa mtu wa nyumbani. Mama amenipaka mgongo mafuta. Amenipikia, nikapakuliwa kwanza. Halafu akapiga simu kwao, ikapita mkono hadi mkono, na watu nisiowajua wakanililia. Bibi mmoja akaniuliza kwa Kibukusu maswali ambayo nadhani yalikuwa matatu. Nikamjibu mulembe. Akauliza tena. Nikamjibu mulembe kwa sauti ya chini zaidi, yenye uchungu. Akaridhika. Mzee mmoja akaniombea sala ndefu. Nikasema amina mara nyingi kuliko zilizohitajika.

Mahali fulani katikati ya sala hiyo nilihisi kitu kibaya kifuani. Nadhani ni yale maziwa.

Jioni Nasimiyu akarudi kutoka kazini. Mama akamsimulia upya, na vigelegele. Nasimiyu akanitazama kwa jicho ambalo sikuweza kulisoma. Kisha akaja akanikumbatia. Alinikumbatia! Miezi yote hii nimekuwa nikipewa mkono, tena ncha za vidole. Akasema, "Karibu nyumbani, kaka."

Kaka! Sauti yake ilivyokuwa laini. Nimelitafakari neno hilo njia nzima hadi Al Rayyan. Wengine huanza na kaka, baadaye huwa mpenzi.

Nimemsimulia Ronnie. Ameuliza kama Wataita wana mila. Nimemwambia wanazo. Akasema vizuri, na akazima taa.

Kesho baada ya misa nitamweleza mama nia yangu.


Ijumaa, 18 Julai

Sijui nianzie wapi.

Misa ilikuwa ndefu. Mama alinishika mkono muda wote, akanitambulisha kwa kila Mkenya aliyepita karibu. Baadaye tukasimama chini ya kivuli cha maegesho, mimi na yeye. Nilikuwa nimejiandaa, shati limepigwa pasi. Nikafungua mdomo, naye akafungua wake kwanza.

"Mwanangu, yule Cyrus amezungumza nami. Anamtaka Nasimiyu. Mume wangu ametangulia, na kaka zake wako mbali. Hapa ndugu yake ni wewe. Unasemaje?"

Nikasema hapana! Nikasema kwa nguvu. Nikasema haiwezekani, kwa sababu anayemtaka Nasimiyu ni mimi.

Mama akarudi nyuma hatua moja. Kwaya kule ndani ilikuwa bado inafanya mazoezi, sauti ya tatu ikikosea palepale inapokosea siku zote.

"Wewe?" akasema. "Mama zenu ni ndugu. Nasimiyu ni dada yako! Kwetu mtu akitamka hilo, wazee wanaitwa kabla jua halijatua. Shindwa!"

Ndipo nikaelewa. Nikaelewa furaha ya Cyrus, mabega ya Ronnie, na neno kaka. Nikaelewa yote kwa pamoja, kama mtu aliyemwagiwa beseni.

Sikuwa na njia nyingine, nikasema ukweli. Nikamwambia mimi ni Mtaita. Mamangu ni Wakesho, yuko Wundanyi na meno yake yote. Nekesa ni jina tu nililookota. Nikaapa.

Mama akanisikiliza kwa huruma kubwa. Kisha akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu, akaita, "Nasimiyu! Njoo upesi! Jua limempiga ndugu yako, anamkana mama yake!"

Mesaimeer siku ya Ijumaa imejaa manesi. Walikuja watatu. Mmoja alishika mkono wangu kupima mapigo, mwingine alinitazama macho, wa tatu, anaitwa Jerusha, alinifungua vifungo vya shati lililopigwa pasi. Kadiri nilivyosema mimi ni Mtaita ndivyo walivyozidi kunimwagia maji. Nikabebwa hadi kiti cha nyuma cha Prado. AC yake, sitaficha, ni nzuri sana.

Nasimiyu akaingia akaketi karibu yangu, akafunga mlango. Akasema taratibu kwamba anajua mimi ni Mtaita. Siku ya kwanza tulipokutana nilimsimulia Wundanyi hadi chai ikapoa. Alitaka kumwambia mama tangu jana. Lakini jana alimsikia akicheka na kuimba jikoni, na hajamsikia akiimba tangu walipomzika baba yake.

"Ukweli nitamwambia mwenyewe, akishazoea kukaa bila baba," akasema. "Leo usimnyang'anye. Tafadhali, Augustine."

Nikamuuliza, na Cyrus? Akatazama mikono yake. Akasema alimkubali Cyrus tangu Mei. Walikuwa wanamngoja mama.

Tangu Mei! Zubarah, Thakira, Sealine, Zekreet, mgongo wangu, yote yalikuwa baada ya Mei.

Nje mama alikuwa akizunguka gari, akichungulia kioo hiki na kile, leso moja mkononi tayari kunipepea. Zile alizotandika chini ya Tiida hazikupona, hii ilikuwa ya kuazima. Nikashusha kioo. Nikamwambia, mama, samahani, lilikuwa jua.

Akasema alijua.


Jumamosi, 19 Julai

Amekwenda. Uwanja wa ndege alinipa maagizo mbele ya watu wote. Desemba watu wa Cyrus watakwenda Chwele kujitambulisha. Mimi nitaketi upande wa ndugu wa msichana. Nivae koti. Nisicheke ovyo. Wakitaja ng'ombe wachache, nikunje uso na nitazame mlango.

Halafu akanishika shingo akalia. Akasema hakuna aliyemzungusha hivi maishani mwake, wala aliyemwachia aendeshe. Akasema nimfikishie Nekesa salamu, na asione haya, nyumbani ni nyumbani. Nikaitikia. Macho yangu yalikuwa mabaya kidogo. Mchanga wa Zekreet hautoki haraka.

Alipopotea kwenye foleni ya ukaguzi tulisimama pale, Nasimiyu, Cyrus na mimi. Cyrus akanipa mkono kwa adabu mpya, akaniita shemeji. Nikakunja uso nikatazama mlango. Ninafanya vizuri! Aliogopa kweli. Akauliza kama kuna chochote angeweza kunisaidia.

Nikasema, kwa kuwa ni ndugu, kuna siku nitahitaji Prado.

Akasema wakati wowote, shemeji.


Jumanne, 22 Julai

Nimelala siku mbili, nimefikiri sana, na nimejifunza. Somo ni kwamba kosa lilikuwa gari.

Jerusha, yule nesi wa vifungo, amenipigia kuuliza hali ya jua langu. Tumeongea hadi chaji ikaisha. Anacheka vizuri sana, huyu! Na katika maongezi ameniambia baba yake anakuja Agosti, kutoka Kisii, mgeni kabisa, na yeye Jerusha yuko zamu ya mchana. Hajui mzee atashinda na nani.

Nikamwambia wiki nzima. Kila siku. Kwa Prado.

Mzee ni refa mstaafu wa mpira wa miguu, mkali, na anataka kuona viwanja vyote. Jerusha anasema hapatani na mtu asiyejua mchezo. Nimemwambia asihofu. Nimemwambia hata mimi ni refa, wa kiwango cha mkoa, niliacha kwa sababu ya goti.

Ronnie ameacha kula. Ameuliza, ssebo, kuotea ni nini?

Nimemwambia nitalisoma kesho. Ni neno moja tu. Haliwezi kuchukua asubuhi nzima.